Mashine ya Mbele

Mtu akiingia na shida, Mwalimu hakumtazama usoni kwanza. Alimtazama mikono. Wengi walifika vidole vikiwa bado vinacheza, maana walikuwa wametoka kugombana na simu njia nzima. Mwislamu alimpa salaam aleikum, mtu wa upande wetu wa milimani alimwambia habari, na Mborana mwenzake alimwambia nagaa. Baada ya hapo lilifuata swali ambalo nililisikia miaka yote niliyofanya kazi kwake.

"Jana ilikuwa inafanya?"

"Jana ilikuwa sawa kabisa, Mwalimu."

"Basi tangu jana, ni nini kimebadilika?"

"Hakuna kitu."

"Kuna kitu. Kaa chini ukumbuke."

Alikuwa amestaafu ualimu kabla sijamjua, lakini mji mzima wa Isiolo ulimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa na saiba, duka la kompyuta na mtandao, katika barabara ya kwenda soko la mifugo, katikati ya duka la dawa za ng'ombe na duka la vitambaa. Kulikuwa na mashine chache, printa moja iliyopenda kutafuna karatasi, na benchi refu ambalo watu walilitumia hata kama hawakuwa na haja ya kompyuta. Walikuja kukwepa jua. Mwalimu hakumfukuza mtu. Alisema tu, "Ukikaa, usiegemee waya."

Mimi nilishuka kutoka Meru nikitafuta kibarua cha kupiga chapa. Siku ya kwanza niliona maneno yametokea kwenye skrini nikayafunga haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Mwalimu aliniuliza yale maneno yalikuwa yanasema nini. Nikasema sijui.

"Mashine imekuambia kitu, wewe umeifunga mdomo," akasema. "Sasa tutamuuliza nani?"

Tangu siku hiyo akanifundisha kusoma kwanza. Alifanya hivyo kwa kila mtu. Mwenye miraa shavuni, dalali wa ngamia, mama wa kanisa, wote walisomeshwa kwa sauti kile kilichoandikwa kwenye skrini, na asiyejua kusoma alisomewa polepole, kisha akaulizwa ameelewa nini. Watu walikasirika. "Mwalimu, si utengeneze tu, mimi niko na haraka!" Yeye alijibu bila kuinua macho: "Hata hiyo mashine iko na haraka. Ndiyo maana imekwama."

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa subira. Kwa mashine, ndiyo. Kwa watu wa nyumbani kwake, subira ilikuwa imemwishia zamani. Binti yake Halima alijaribu kumfundisha kutumia simu ya kisasa, wakashindwana kabla chai haijapoa. Nilikuwepo. Mwalimu alibonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu, kisha akaisukuma simu mezani.

"Soma kwanza, Baba," Halima akamwambia, kwa upole, bila kejeli yoyote.

Mwalimu akatoka nje akasimama barabarani muda mrefu, mikono nyuma, akitazama malori ya Moyale yakipita. Aliporudi aliendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Simu ile sikuiona tena mkononi mwake. Aliendelea kubeba ile yake ndogo ya vitufe, iliyofungwa kwa raba.

Alikuwa mtu aliyechoka. Sisemi hivyo kwa ubaya. Uchovu wake ulikuwa kama sweta lake la kahawia, alilolivaa asubuhi kwa sababu ya upepo na bado akawa nalo adhuhuri jua likiwaka, kwa kusahau tu. Alikaa, akavuta pumzi kwa pua, akasugua macho kwa leso, ndipo akawasha mashine ya kwanza. Nikimuuliza ameamkaje, aliniambia, "Nimeamka."

Kilichomchosha zaidi ni masasisho. Ile programu tunayoingilia mtandao, ambayo wenye saiba tunaiita brauza, ilikuwa na tabia ya kujibadilisha yenyewe. Unaiacha jioni ikiwa unayoijua, asubuhi unakuta vitufe vimehama, maandishi yamekuwa madogo, na kurasa zilizokuwa zikifunguka zimegeuka nyeupe. Mwalimu alitazama, akasema, "Wamehamisha milango tena." Kisha akaanza upya kutafuta mlango uko wapi: anafunga, anafungua, anaangalia kama saa na tarehe ya mashine ni sahihi, maana zile kuukuu zilisahau tarehe umeme ukipotea, anazima kimoja kimoja vile viprogramu vidogo vilivyojibandika kwenye brauza. Kati ya hatua na hatua alisimama, akaangalia kama kuna tofauti. Hakufanya mambo mawili kwa pamoja. "Ukifanya mawili na ikapona," aliniambia, "hutajua ni dawa gani imetibu."

Pamoja na kuyalalamikia, ni yeye mwenyewe aliyelazimisha masasisho yafanywe. Tovuti za serikali zilikataa brauza za zamani, na watu waliokuja kwetu hawakuja kucheza. Walikuja kutafuta vyeti vya kuzaliwa, pasipoti, nafasi za vyuo. Kwa hiyo tulisasisha, tukaumia, tukatengeneza.

Kuna mzee mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi, aliyezoea kuzungumza na mwanawe aliye ng'ambo kwa kuonana kwenye skrini. Baada ya sasisho moja, kamera ikawa haionyeshi kitu. Mwalimu alihangaika nayo asubuhi nzima, mzee akiwa kando yake, fimbo kati ya magoti. Mwishowe akagundua kwamba brauza mpya ilikuwa imejifungia kamera na ilikuwa inasubiri mtu aipe ruhusa. Akatoa ruhusa. Uso wa kijana ukatokea, mkubwa, na koti zito. Sasa baba na mwana wakatazamana. Mzee alikuwa ametumia maneno yake yote kuilaani kamera.

Mwalimu, akiwa amewapa mgongo, akasema polepole, "Mwulize kama kuna baridi."

"Kuna baridi huko?" mzee akauliza.

"Kuna, Abba," kijana akajibu. Mzee akaanza kumweleza habari za kisima na mbuzi waliozaa, na wakaongea mpaka adhana.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alijua mtu anahitaji kusema nini kwa mtu mwingine. Yeye mwenyewe hakusema.

Lazima sasa nieleze habari ya mashine ya mbele.

Ilikuwa kando ya mlango, karibu na kiti chake, na ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Mkewe ndiye aliyekuwa akiitumia. Naye alikuwa mwalimu, wa shule ya msingi, na saiba ile waliifungua pamoja. Sikumkuta hai. Halima alinisimulia kwamba asubuhi aliyopelekwa hospitali, mama yake alipitia saiba kwanza, akafungua barua pepe yake, akamjibu mzazi mmoja, akaiacha wazi akisema atamalizia akirudi. Hakurudi.

Mwalimu hakuifunga. Brauza ilikuwa imewekwa ikumbuke kurasa zilizoachwa, kwa hiyo kila asubuhi mashine ilipowashwa, sanduku la barua la marehemu lilirudi pale juu, pembeni kabisa. Paswadi hakuna aliyeijua. Brauza tu ndiyo iliyokuwa ikimtambua bado. Wateja waliruhusiwa kuitumia mashine ile, lakini niliambiwa siku ya kwanza kabisa: ule ukurasa wa kushoto haufungwi.

Na haukuwa umekufa. Barua ziliendelea kuingia. Matangazo mengi, ndiyo, lakini pia wanafunzi wake wa zamani, walimu wenzake wa mbali ambao habari hazikuwafikia, jamaa wa Garba Tula. Kwenye ukurasa kulikuwa na namba ya barua ambazo hazijasomwa, na namba hiyo ilipanda polepole. Mwalimu aliitazama kila asubuhi. Hakufungua hata moja.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hazisomi. Yeye, aliyewalazimisha watu wote wa Isiolo kusoma.

"Barua za mtu hazisomwi," akaniambia.

"Lakini labda kuna mtu anangoja jibu."

"Kananu, wanamngojea yeye. Hawaningojei mimi."

Sikuuliza tena. Lakini niliona kwamba kila sasisho likija, kitu cha kwanza alichotazama, kabla ya printa na kabla hata ya kuvua viatu vya vumbi, ni kama ule ukurasa umerudi. Ukirudi, mabega yake yalishuka. Mimi niliyaita hayo furaha.

Basi ikaja siku ya Nasieku.

Alikuwa msichana wa Kipsing aliyemaliza shule, amevaa shanga chache na sketi ya shule iliyopauka, amekuja na mama yake. Walikuwa wamelala kwa jamaa mjini ili wawahi. Alitaka kuomba nafasi ya kusomea uuguzi, na maombi yalikuwa yanafungwa jioni hiyo. Mwaka uliotangulia alikuwa amechelewa kwa sababu ya vurugu za malisho; barabara haikupitika. Mama yake hakujua Kiswahili kingi. Alikaa kwenye benchi akiwa ameshika begi la vyeti kwa mikono miwili, akatutazama sote kwa zamu.

Asubuhi ile mashine zote zilikuwa zimepata sasisho. Zile za nyuma, ambazo zilikuwa dhaifu, brauza haikufunguka kabisa. Ilitokea, ikatetemeka, ikapotea. Ya mbele ilifunguka. Ukurasa wa kushoto ulikuwepo. Mwalimu akaketi, akaingiza anwani ya chuo. Skrini ikazunguka, ikazunguka, kisha ikawa nyeupe na maandishi katikati.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma. Mashine ilisema kwamba ukurasa ule unaelekezwa huku na huku bila kufika popote.

Akaanza kazi. Alifunga, akafungua. Akaizima mashine yote, tukangoja. Saa ilikuwa sahihi. Viprogramu vidogo akavizima kimoja kimoja. Watu wengine waliingia na kutoka. Mwenye duka la vitambaa akaja kuuliza kama mtandao umekufa, akaambiwa haujafa, umepotea njia. Nasieku alisimama nyuma ya kiti, na kila ukurasa uliporudi kuwa mweupe alimtafsiria mama yake kwa neno moja. Neno lilikuwa lile lile kila mara, na nilielewa bila kufundishwa.

"Twende saiba ingine?" akauliza mwishowe, kwa aibu.

Nilikuwa nimeshatoka kuuliza. Moja ilikuwa imefungwa, nyingine ilikuwa haina umeme.

"Ngoja kidogo, msichana wangu," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba gunia kutoka mbali. "Chuo hiki wameombea wengi hapa wiki hii. Mashine imejaza kumbukumbu zao. Sasa brauza mpya inazisoma vibaya. Inadhani wewe ni mtu mwingine, inakupeleka kwake, kule wanakurudisha."

Nilijua maana yake. Kila tovuti huacha vikumbusho ndani ya brauza, ili ikujue ukirudi. Vikumbusho hivyo vikiharibika, dawa ni kuvifuta. Lakini barua pepe ya mkewe ilikuwa wazi kwa vikumbusho vile vile. Ukivifuta, brauza inasahau watu wote.

Nikamwita kwa sauti ya chini. "Mwalimu."

"Najua."

"Tungojee. Labda ya nyuma itakubali."

Alimgeukia Nasieku, akamuuliza kama ana vyeti vyote. Nasieku akasema anavyo. Mwalimu alimtazama mama yake, yule mama akamtazama yeye, na wote wawili, watu wasioelewana lugha, wakainamishiana vichwa kidogo. Kisha Mwalimu akaingia kwenye mipangilio, akafika mahali pa kufuta. Brauza ikamuuliza kama ana hakika. Alisoma maneno yale kwa sauti, mpaka mwisho, kama alivyotufundisha. Akabonyeza.

Ukurasa wa chuo ukafunguka mara moja. Ule wa kushoto ukageuka kuwa mlango mtupu: weka jina, weka paswadi.

Nasieku alijaza maombi yake, mimi nikiskani vyeti. Jioni kabla ya kufunga, tovuti ikamwambia imepokea. Mama yake alisimama akamtemea Mwalimu baraka kiganjani, kwa desturi yao, naye akaifunga ile mikono yake akainama. Walipoondoka aliuendea ule ukurasa wa kushoto, akautazama kidogo, akaufunga. Akaenda kuswali.

Nililia mimi, siyo yeye.

Habari ile ilienea mjini, kwa mdomo wangu zaidi. Watu walisema Mwalimu alitoa barua za mkewe kwa ajili ya mtoto wa mtu asiyemjua. Imamu aliwahi kuigusia, na padri wetu kule juu pia, bila kumtaja. Nasieku alipata nafasi. Alisoma, na leo ni muuguzi katika zahanati moja ya kaunti. Watu walipomsifu Mwalimu usoni, alikunja uso, akauliza kama wana kazi ya kuprinti. Tuliuita unyenyekevu.

Saiba ilififia. Watu wakawa na mtandao mifukoni, benchi likabaki la wakwepa jua peke yao, na macho ya Mwalimu yakaanza ukungu. Alipofunga, mimi nikapata kazi katika ofisi moja ya maji. Huko, baada ya sasisho, ukurasa wetu mmoja ukaanza kuzunguka vile vile. Fundi wa ofisi, mama mmoja mcheshi, alikuja, akabonyeza alama ndogo kando ya anwani, akafuta vikumbusho vya tovuti ile moja tu. Zingine zote zikabaki wazi, hakuna kilichosahauliwa. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Alishangaa kuona nimeketi chini ghafla.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Niliogopa kumwambia Mwalimu, na niliogopa kutomwambia.

Nilimwona mwaka huu, nyumbani kwake Chechelesi. Alikuwa ametoka kupasuliwa jicho moja, ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, uso ameuelekeza ukutani kwa sababu mwanga ulimuumiza. Halima alituletea chai ya maziwa ya ngamia akatuacha. Mwalimu alinitambua kwa hatua.

"Kananu. Bado unafunga maneno kabla hujasoma?"

"Nimeacha, Mwalimu."

Tuliongea habari za mvua, za bei ya nyasi, za watu waliofariki. Kisha akasubiri, kama alivyokuwa akiwasubiri wateja wakumbuke.

"Sema," akaniambia.

Nikasema. Nilimweleza yule fundi, ile alama ndogo, tovuti moja peke yake. Nilizungusha maneno ili yasimchome. Nikasema labda wakati ule haikuwepo, labda ililetwa na masasisho ya baadaye.

"Ilikuwepo," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Ilikuwepo, Kananu. Niliijua. Nilishaitumia mara nyingi wewe ukiwa kwenye printa."

Kuku walikuwa wakiparua karibu na miguu yetu. Aliweka kikombe chini kwa kupapasa, mpaka mkono ukapata ardhi.

"Kila asubuhi nilikuwa nakuja pale naona watu wanamwita," akasema. "Namba inapanda. Wanamwita, hajibu. Wanamwita, hajibu. Na mimi nimesimama mlangoni, siwezi kuwafungulia, siwezi kuwafukuza. Nilichoka. Nilikuwa naomba hizo sasisho ziniondolee, kila ikija naomba. Naangalia, bado iko. Mabega yananianguka."

Akakipapasa tena kikombe, akakiacha pale pale.

"Siku ile akaja huyo msichana. Nikaona hapa nikifuta, hakuna mtu ataniuliza. Hata Halima hataniuliza." Akatikisa kichwa. "Halafu mkaanza kunisifu. Msikitini wananisifu. Nasieku mwenyewe akija likizo ananiletea mafuta ya ng'ombe, anasema mimi ni baba yake wa pili. Nitamwambia nini? Kwamba nilimtumia kama sababu?"

"Alipata nafasi, Mwalimu. Hilo ni kweli."

"Ni kweli. Angepata hata ningefuta ile moja."

Nikamuuliza kama anajuta. Alisugua lile jicho zima kwa leso, akalifumba.

"Mchana hapana," akasema. "Asubuhi, ndiyo. Nikiamka kabla sijakumbuka."

Halima alitokea mlangoni na sufuria mkononi, akauliza kama tunataka chai nyingine. Mwalimu akasema ndiyo, ya wote wawili, kisha akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kugeuka kutoka ukutani, "Na wewe lete kiti, Halima. Kaa. Kuna kitu nataka kukuambia kuhusu mama yako."

Nikaanza kuinuka niwaache. Akanishika mkono wa nguo.

"Kaa, Kananu. Mimi nikikwama, utamalizia."

Halima akaleta kiti.